Ukiambiwa "Acha Mawazo", Uache Yapi?

Mwaka juzi nilikwenda zahanati nikiwa nimeshajipima mwenyewe kichwani: hii ni malaria. Kichwa kizito, viungo vinauma, usingizi hauji, na moyo unakwenda mbio wakati nimelala chali kitandani, sina ninachokimbia. Kipimo kikasema hakuna malaria. Tukapima mkojo, maana siku hizi ni nadra mtu kutoka zahanati bila kutafutiwa UTI, napo hamna kitu. Presha ilikuwa imepanda kidogo tu. Daktari, kijana mpole, akaweka kalamu mezani akaniambia, "Kaka, wewe huumwi. Una mawazo. Jitahidi uache mawazo." Akaniandikia panadoli.

Nikatoka pale na jambo jipya la kuwaza: mtu anaachaje mawazo, na katika hayo yote niliyonayo, niache yapi?

Neno lenyewe linatuchanganya kabla hatujaanza. Wazo moja ni mali; ukiambiwa "una wazo zuri" umesifiwa. Kwenye kikao cha harusi mwenyekiti anaomba wajumbe watoe mawazo. Lakini sema "fulani ana mawazo" uone watu watakavyotikisa kichwa kwa huruma, na hakuna atakayeuliza ni mawazo ya kitu gani. Vitabu na semina zimetuletea maneno ya kitaalamu: msongo wa mawazo, sonona, na Wakenya husema pia mfadhaiko. Ni maneno mazuri. Ila sijawahi kusikia mwanamume amerudi nyumbani jioni akamwambia mkewe, "Mama Asha, leo nina sonona." Atasema kichwa kimejaa. Atasema mwili hauna nguvu. Au atasema ana mawazo, kisha awashe televisheni.

Na si sisi tu. Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa. Kwao kufunga ni kufikiri, na mwisho ule wa neno unaongeza ukali, kwa hiyo kufungisisa ni kufikiri kupita kipimo. Mwaka 2013, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kilipotoa toleo la tano la mwongozo wake, neno hilo liliingizwa humo kati ya namna ambazo jamii mbalimbali huelezea mateso ya nafsi. Ukisoma maelezo yake, ya kichwa kuuma, hofu, hasira za karibu na kurudia shida moja usiku na mchana, utadhani ameandikwa jirani yako.

Tabu ni kwamba neno moja limebebeshwa mizigo isiyofanana, na dawa ya mzigo huu haiufai ule.

Mawazo yangu mimi yalikuwa na tarehe. Nilikuwa nimekopa shilingi 150,000 kwa programu ya simu ili nimalizie ada ya mtoto, nilipe baada ya siku 14. Siku zikafika sina. Nikakopa programu ya pili nilipe ya kwanza, na ya tatu nilipe ya pili. Mtaani mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu, na aliyeibatiza jina hilo alijua anachosema. Ukichelewa siku moja, saa kumi na mbili asubuhi ujumbe umeshaingia. Ukichelewa wiki, ujumbe wanatumiwa watu waliomo kwenye simu yako. Bosi wangu wa zamani aliupata. Mama mkwe aliupata. Baadaye, Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na Kenya ilikuwa imeshatunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali tangu mwaka 2022. Kwa hiyo tulikuwa wengi. Lakini usiku, kila mmoja na simu yake, hakuna aliyejua kwamba tuko wengi.

Mawazo ya aina hii yana kazi. Yanakukumbusha jambo ambalo kweli lipo na kweli linakuja. Kumwambia mtu ayaache ni sawa na kumkataza mbwa kubweka huku mwizi yuko uani. Na hapa nina ugomvi mdogo na semina za siku hizi, zile za mwajiri anayechelewesha mishahara miezi miwili halafu analeta mtaalamu awafundishe wafanyakazi kuvuta pumzi. Pumzi ni kitu kizuri, nitaifikia. Ila deni halilipwi kwa pumzi.

Deni linahitaji kwanza litolewe kichwani liwekwe mahali linapoonekana, na kazi hiyo imefanywa vizuri kwenye mabenchi ya Harare kuliko mahali pengi ninapopajua. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa vibanda na nyumba za mijini katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Mbare, mtaa wa zamani wa Harare, ulikuwa kati ya iliyoumia. Daktari wa akili Dixon Chibanda alikuwa mmoja wa madaktari wa fani hiyo waliohesabika kwa vidole nchi nzima. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyompoteza mgonjwa wake, binti ambaye familia yake ilitaka kumleta hospitali ikakosa nauli ya basi, dola 15.

Mwaka 2006 alianza upya bila hospitali. Hakupewa madaktari wala vyumba. Alipewa mabibi 14 waliokuwa wakijitolea kwenye afya ya jamii, na kwa kuwa ndani ya kliniki hapakuwa na nafasi, wakakaa nje kwenye benchi, chini ya mti. Benchi lilikusudiwa kubeba jina la afya ya akili. Mabibi wakakataa: nani ataonekana amekaa hapo? Wakaliita chigaro chekupanamazano. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa mbali. Sisi tungesema benchi la kupeana mawazo, na hapo neno letu linajigeuza lenyewe: ukiwa nayo peke yako unahurumiwa, mkipeana yanaitwa shauri.

Kinachofanyika pale ni kidogo kuliko unavyotarajia. Bibi anakuuliza maswali 14 kuhusu wiki iliyopita: usingizi, machozi, kuona au kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni, kuwaza mno. Kisha anakuacha useme. Hatua hii wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua akili. Shida zote zinatajwa na kuorodheshwa, halafu unachagua moja, wewe mwenyewe, na mnatafuta hatua inayowezekana ndani ya wiki. Unakwenda, unarudi, mnaangalia. Hadi vikao sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573 katika kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliokaa na mabibi walikuwa na wastani wa dalili 3.81 kati ya 14. Waliopata huduma ya kawaida ya kliniki, tena iliyoboreshwa, walikuwa na 8.90. Mpango huo umevuka mipaka hadi Malawi na Zanzibar.

Kufika Zanzibar kunanichekesha kidogo. Pwani yetu tulijenga nyumba na baraza la kukalia nje, mtu anapita anasalimia, anakaa, anasema yake. Siku hizi tunajenga ukuta na geti, juu tunaweka vigae vya chupa, kisha tunaletewa benchi.

Siri naiona kwenye kuchagua moja. Shida ishirini zikiwa kichwani hazina ukubwa. Ada, mvua inayovuja jikoni na neno la mama mkwe zote zinabweka kwa sauti moja. Mimi sikuwa na bibi wa Harare, nilikuwa na shangazi. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda? Unaumwa?"

"Siumwi. Mawazo tu."

Hakuniambia niache. Alisukuma ungo pembeni, akamtuma mjukuu alete daftari la shule na kalamu, akasema, "Yataje." Nikataja, akaandika, na mwandiko wake wa herufi kubwa ukajaza ukurasa mmoja na nusu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Katika haya, lipi likiondoka utalala?" Nilidhani nitasema deni kubwa. Mdomo ukasema mama mkwe. Tangu ule ujumbe umfikie nilikuwa sijakanyaga kwake miezi mitatu. Shangazi akaandika: Jumamosi, kwenda kwa mama mkwe. Ya madeni akasema tutayapanga, tukaanza kwa kuzuia jambo moja tu: hakuna kukopa kulipa mkopo.

Madeni yakaanza kupungua. Cha ajabu, saa tisa usiku niliendelea kuamka. Ndipo nilipojua kwamba kuna mawazo ya namna nyingine kabisa, yaliyovaa nguo za yale ya kwanza.

Haya hayasemi "tarehe 30 inakuja". Yanasema: kwa nini mimi? Kwa nini sikuona mapema? Watu wananionaje? Hayana kesho, yana jana tu. Ni kucheua, kama ng'ombe aliyelala, ila ng'ombe akicheua kuna maziwa asubuhi. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia maisha yake ya kazi kuchunguza tabia hii. Bahati moja, kama tunaweza kuiita bahati, ilimsaidia. Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko kubwa liliupiga ukanda wa San Francisco, na yeye alikuwa ameshawahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, takriban wiki mbili kabla, jinsi wanavyofanya wakiwa na huzuni. Akarudi kwao baada ya tetemeko. Wale waliokuwa na desturi ya kuchimba huzuni yao, ya kujiuliza kwa nini najisikia hivi, ndio waliokutwa wameelemewa zaidi, siku kumi baadaye na hata wiki saba baadaye.

Ujanja wa kucheua ni kwamba kunafanana na kazi. Unapokuwa ndani yake unaamini kabisa unatafuta ufumbuzi, na ukiacha utakuwa mzembe. Nimejiwekea kipimo kimoja: wazo hili linanidai nifanye nini kesho asubuhi? Likijibu, naliandika kwenye daftari. Lisipojibu, linacheua.

Sasa hapa ndipo "acha mawazo" ingeonekana inafaa, na hapa ndipo inaposhindwa vibaya zaidi. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio rahisi mno. Watu waliambiwa waseme kila kinachowajia akilini kwa dakika tano, ila wasimfikirie dubu mweupe. Akija, wagonge kengele. Kengele zikalia. Kisha wakaruhusiwa kumfikiria, na dubu akaja kwa wingi kuliko kwa wale ambao tangu mwanzo walikuwa wameambiwa wamfikirie. Ili akili ihakikishe huliwazi jambo, inabidi iendelee kuchungulia kama umelianza. Sisi huku dubu mweupe hatumjui, lakini mweke mama mkwe mahali pake, hesabu itatoka ileile.

Njia iliyobaki ni kuacha kupigana nalo bila kulifuata. Hiyo ndiyo shabaha ya zoezi ambalo vijana wa mjini wanaliita kwa jina la Kiingereza, mindfulness, na kulifanya kwa programu za simu. Lilianza hospitalini. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, aliwakusanya wagonjwa wenye maumivu sugu ambao dawa zilikuwa zimewafikisha mwisho, akawafundisha kwa wiki kadhaa, akichota mafunzo ya Kibudha na kuyavua vazi la dini. Moja ya mazoezi yake ya mwanzo ni kula zabibu kavu moja polepole. Mimi hutumia tende. Unaishika, unatazama mikunjo yake, unasikia inavyonata kidoleni, unaiweka ulimini bila kutafuna. Kabla hujafika popote, wazo linakuja: gesi imeisha. Hulifukuzi. Unaona, aha, wazo la gesi limekuja, unarudi kwenye tende. Linakuja jingine. Unarudi.

Watu wengi huacha hapo wakisema "mimi siwezi, akili yangu haitulii". Wanadhani zoezi ni kutulia, wakati zoezi ni kule kurudi. Aliyerudi mara arobaini amefanya kazi kuliko aliyesinzia.

Mtu wa pwani hatasikia jambo geni hapa. Aliyefundishwa sala anajua khushuu, moyo kuwepo pale mwili ulipo, na anajua ilivyo ngumu kuifikisha hata rakaa mbili. Anamjua pia mtu wa wasiwasi, yule anayetawadha, anatilia shaka, anatawadha tena mpaka maji ya ndoo yanaisha. Mashekhe huwaambia watu hao wasiujibu ule mnong'ono, waendelee na sala. Hawawaambii wauzime kwanza.

Ila zoezi hili lisipewe sifa zisizo zake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wataalamu wa Uingereza na Kanada walilichanganya na tiba ya mazungumzo, wakawapa watu waliokuwa wamepona sonona. Kwa waliowahi kuugua mara tatu au zaidi, waliougua tena ndani ya wiki sitini walishuka kutoka asilimia 66 hadi 37. Kwa waliokuwa wameugua mara mbili tu halikuleta tofauti. Na wapo watu, hasa waliopitia mambo ya kutisha, ambao kufumba macho na kusikiliza pumzi kunawarudishia yale waliyoyakimbia. Mtu wa namna hiyo asilazimishwe.

Kuna mzigo mwingine ndani ya neno letu, na huu hauna tarehe, hauna mama mkwe. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh, katika Afghanistan ya leo, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha siha ya miili na nafsi akaigawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo mwenyewe anaijua sababu yake, na ile inayomfunika mtu naye hajui imetoka wapi. Ya pili aliitafutia chanzo mwilini, akashauri ishughulikiwe kama maradhi mengine. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye bado tunamwambia mtu wa fungu la pili, "Una kazi, una mke, una watoto wazima, unawaza nini?"

Hawazi. Mara nyingi huwa ameacha hata kuwaza. Chai haina ladha, mpira wa timu yake unachezwa yeye kageukia ukutani, kuoga kunamshinda, na anajiona mzigo. Hali hiyo ikishika karibu kila siku kwa wiki mbili, ni sonona mpaka mtaalamu aseme vinginevyo, na inatibika kwa dawa na kwa mazungumzo. Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watafiti waliuliza kwanza wenyeji wanaiitaje, wakapewa majina mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida, yaani kujichukia na kujihurumia. Kisha wakaunda vikundi vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa hukohuko waliopewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: kwenye vikundi hivyo, waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Kwa wasiokuwa na vikundi walitoka 94 wakaishia 54.7.

Kinachozuia watu kufika kwenye tiba, kwa macho yangu, ni majina. Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi, Kidongo Chekundu ya Unguja ni hospitali, lakini kwa ulimi wetu ni matusi. Sheria nazo zimechangia. Kenya ilikuwa ikimshtaki mtu aliyejaribu kujiua hadi Januari 2025, Mahakama Kuu iliposema kifungu hicho kinakwenda kinyume cha katiba. Kwa Tanzania Kanuni ya Adhabu inalihesabu kuwa kosa. Mtu anayejua kwamba akisema ukweli anaweza kukutana na polisi kabla ya daktari atasema ana malaria. Kwa hiyo akikwambia amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Kisha usimwache peke yake, mwende hospitali pamoja siku hiyohiyo.

Yangu hayakufika huko. Jumamosi ile nilivaa shati lililopigwa pasi, nikabeba sukari kilo mbili, nikaenda kwa mama mkwe. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba nzima. Nikaanza, "Mama, ule ujumbe ulioletewa kuhusu mimi..." Akanikatiza.

"Ujumbe gani? Ah, wale matapeli? Nilifuta, mwanangu. Siku hizi hawaishi kututumia. Wewe mbona umepotea?"

Nilikuwa nimekosa usingizi miezi mitatu. Nikamwambia kazi nyingi. Akaenda jikoni kuniwekea chai.